Sigor: Salama

Tulimzika Mzee Kimeto Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake karibu na Kabianga, na nilirudi kutoka mazishini nikiwa na hasira. Historia ya marehemu ilisomwa na mpwa wake, kurasa tatu nzima. Tuliambiwa alisoma wapi, alibatizwa wapi, alivyostaafu kazi ya ufundi wa simu akiwa bado na nguvu zake, alivyopanda chai, alivyofuga ng'ombe wa gredi na alivyokuwa mzee wa kanisa. Ng'ombe mmoja alitajwa hata kwa jina. Redio haikutajwa. Nilingoja, nikajiambia labda iko ukurasa wa mwisho. Wapi! Kipaza sauti kikapewa mwanasiasa. Kule viti vya nyuma tulikaa sisi wanne tuliobaki wa kikundi chetu, mvi kichwani na miwani puani, tukatazamana. Nyakundi wa Chepilat, mtu ambaye sijapata kumwona amenyamaza dakika mbili mfululizo, akaninong'oneza: "Kemunto, wewe ndiye ulikuwa unaandika. Si uandike basi." Ndiyo haya.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa karani katika kituo cha kununua majani chai, mgeni kutoka upande wa Kisii, na mpangaji kwa Mzee Kimeto. Nilikotoka na kwa nini nilitoka si habari ya hapa. Chumba changu kilikuwa cha mabati, kimebandikwa magazeti ya zamani ndani kuzuia baridi, na ukuta mmoja tu ulinitenga na chumba kingine ambacho nilidhani ni stoo. Wiki ya kwanza, kila jioni nikiwa nachambua mboga, nilisikia Mzee akitaja majina upande wa pili. Sigor. Chepilat. Bomet. Anataja, ananyamaza, anashukuru, anataja tena. Nikaamini mwenye nyumba wangu anawaombea watu wa mbali, nikaona nimepata pa kukaa kwa wacha Mungu. Halafu jioni moja Chepilat ikajibu. Ilijibu kwa sauti ya Kisii cha kwetu kabisa, ikilalamika kuhusu bei ya uzi, na mimi sufuria ikanitoka mkononi. Mama Chepkoech, mke wa Mzee, alicheka hadi akakaa chini mlangoni. "Woi, msichana! Ulifikiri ni mapepo? Ni hao wazee na simu yao ya upepo. Kuja uone hii upuzi."

Upuzi wenyewe ulikuwa meza moja, redio moja ya rangi ya kijivu, betri mbili za gari, daftari kubwa lenye jalada gumu, na waya uliotoka dirishani ukaenda kufungwa kati ya miti miwili, msaiprasi na mgrevilea. Harufu ya chumba kile siisahau, maziwa lala kutoka kwenye vibuyu vya Mama vilivyotundikwa pembeni, ikichanganyika na risasi iliyoyeyushwa kwa kuungia nyaya. Mzee alinieleza kwamba waya haukuwekwa juu sana kwa makusudi. "Ukiutundika chini, sauti inapanda kama moshi ya jikoni, halafu inaanguka kila mahali, hata nyuma ya milima." Watu wale walikuwa watano. Kila mmoja alikuwa amefanya mtihani wa serikali na kupewa leseni, na hakuna aliyelipwa hata ndururu. Nyakundi alikuwa fundi cherehani sokoni Chepilat. Bomet kulikuwa na mwalimu mstaafu. Kericho mjini kulikuwa na muuguzi tuliyemwita Sista. Na Sigor, mbali kule Chepalungu, alikuwepo Mzee Bii, aliyewahi kufanya kazi ya kutibu mifugo, sauti yake nzito na ya taratibu. Kila Jumapili baada ya kanisa walikutana hewani wakafanya mazoezi, kana kwamba mafuriko yanakuja Jumatatu. Majirani waliwacheka. Hata mimi niliwacheka, mpaka Mzee alipouona mwandiko wangu kwenye vitabu vya majani chai akaniambia nikae mezani.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuandika, na hapo ndipo nilipomjua Mzee. Nje alikuwa mpole, mtu wa mizaha, anayewapisha kuku njiani. Akikaa kwenye redio anageuka kuwa mtu mwingine. Ulimi wake wa Kikipsigis ulifanya andika kuwa "antika", na nililisikia neno hilo mara mia kwa siku. "Antika alichosema. Si kile unafikiria alitaka kusema. Antika alichosema!" Ujumbe ukija, unaurudisha neno kwa neno kwa aliyeutuma, naye akubali. Huupunguzi, huupambi. Mtu akisema mguu umevunjika, huandiki ameumia kidogo kwa sababu mama yake yuko karibu anasikiliza. Na sheria iliyonishinda kabisa ni ya salamu. Mzee alisema siku ya shida hewani hakuna habari ya asubuhi. Unaita kituo, unauliza jambo moja tu, "Mnahitaji nini?" Nilimwambia hiyo ni tabia mbaya. Kwetu hata mtu akija kukuambia nyumba yako inaungua, atakuuliza kwanza umeamkaje, nawe utamjibu mzuri, ndipo muanze kukimbia. Huku kwao Mzee mambo ni yale yale: salamu ya chamgei kwanza, watoto, ng'ombe, mvua, kisha jambo. Mama Chepkoech aliniunga mkono kutoka jikoni. "Mwambie, Kemunto! Atauliza mzee kama Bii mnahitaji nini, kama anauza duka?" Tukacheka sote, Mzee naye akacheka. Kisha akasema bila kucheka, "Betri haina adabu. Inaisha tu."

Mvua za mwaka ule zilianza kama mvua nyingine. Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na mtu wa majani chai haogopi maji. Lakini wiki ya tatu zikawa hazikatiki. Majani tuliyonunua yalikaa kituoni yakapata joto na kuoza kwa kuwa lori halikuweza kupanda. Nguzo za simu zililala barabarani. Simu za mkononi siku hizo zilikuwa za wenye nacho, na hata hizo zikafa mnara ulipokatikiwa umeme. Daraja moja likaenda, halafu la pili. Asubuhi moja kamati ya maafa, ile ambayo watu wake walikuwa wakitabasamu tu kila Mzee alipowapelekea barua kuhusu redio, ikatuma afisa wake mwenye matope hadi magotini kuuliza kwa unyenyekevu kama ile mashine inafanya kazi. Mzee hakumkumbusha barua hata moja. Alimpa kiti na chai. Tangu saa ile chumba cha stoo kikawa ndicho masikio ya wilaya mbili. Bomet mjini lilisimama lori lenye boti ya mpira, na ndani yake mwalimu mstaafu akiwa na redio yake, akingoja tumwambie aelekee wapi.

Nimefanya kazi na watu wengi baadaye, wengine wenye vyeo vinavyojaza mlango, na sijaona tena kazi kama ya wale wazee siku zile. Nyakundi alifunga duka lake akaweka redio juu ya meza ya cherehani, akakaa hapo saa thelathini bila kuondoka ila kujisaidia, mkewe akimlisha viazi vya kuchemsha huku ameshika maiki. Yule mpiga domo! Hewani alikuwa mtu wa maneno sita. Sista alisimama kwenye varanda ya hospitali na mwavuli juu ya redio yake, yeye mwenyewe akilowa, akituambia dawa ipi ipo na ipi imeisha. Watu walikuja kwetu wakiwa wamejifunika magunia, wakapanga foleni hadi kwenye zizi la ng'ombe, kila mtu na jina lake la kuulizia. Mama Chepkoech aliyeita mambo haya upuzi alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwa sufuria ya arusi na kumfokea yeyote aliyepiga kelele karibu na dirisha. "Nyamazeni! Watu wanaongea na Bomet!"

Siku ya tatu asubuhi betri moja ilikuwa imekufa na ya pili imechoka. Mzee akaipakia ile iliyokufa kwenye wilbaro aisukume hadi kiwandani, ambako kulikuwa na jenereta. Ni mwendo wa saa nzima kwenda juu, kwa matope yale. Aliniachia kiti. "Vituo vinaitwa saa moja. Ni zamu yako. Unajua sheria." Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na kiburi, niseme ukweli. Nilikuwa msichana niliyekuwa nikiandika kilo za majani ya watu, na sasa vituo vinne vilikuwa vikiningoja mimi nifungue kinywa. Nikaita Kericho, nikauliza mnahitaji nini, vizuri kabisa. Nikaita Chepilat. Nyakundi akasema ukingo umeporomoka juu ya nyumba tatu, watu wako ndani, lete lori. Nikamrudishia neno kwa neno. Kisha nikaita Sigor.

Sauti ya Mzee Bii ilikuja mbali sana, imechoka. Na mimi, jamani, ulimi wangu ulikataa. Mzee wa miaka sabini, mtu ambaye kila Jumapili aliniuliza kama nimekula, ningemrukiaje kama polisi? Nikasema, "Habari za huko, Baba?"

"Mzuri sana, mama," akajibu. "Chamgei. Na nyinyi huko?"

"Sisi wazuri. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Mzee Kimeto yuko?"

"Yuko kiwandani, Baba."

Nikasikia akivuta pumzi kuanza jambo lake. Kisha sauti ikazama. Nikaita mara nne. Kimya. Nilikaa na kalamu mkononi, nikatazama nafasi iliyo wazi mbele ya jina la Sigor, na nikaandika neno moja: salama. Si alisema mzuri sana? Mwalimu akaita kutoka Bomet, lori linanguruma nyuma yake. "Kabianga, niende upande gani, Chepilat ama Sigor?" Nikamjibu bila kusita kwamba Sigor ni salama, aende Chepilat. Akaenda.

Saa tano kasoro Nyakundi akaita kwa sauti ambayo sikuijua. "Kabianga, Chepilat. Nina ujumbe wa Sigor. Wewe humsikii, mimi namsikia. Andika." Nikaandika. "Mke wa mwanangu ana uchungu tangu jana asubuhi. Mkono wa mtoto umetoka. Maji yamezunguka nyumba. Anakufa. Leteni boti." Nyakundi hakuongeza pole wala Mungu wangu. Aliurudia ujumbe wote tena, pole pole, na "anakufa" akalitamka kama lilivyotamkwa. Baadaye tulijua kwamba betri ya Mzee Bii ilikata pumzi mwisho wa salamu zetu. Akatoka akaenda hadi kwenye kinu cha posho cha jirani, akang'oa betri ya ile injini, akarudi nayo kichwani, maji yakimfika kifuani. Saa nne karibu zilipotea katika kwenda, kuibembeleza na kuja. Safari hii hakumsalimia mtu.

Nilikuwa bado nimeshika maiki Mzee Kimeto alipoingia, suruali imejaa tope hadi kiunoni. Alisoma daftari akiwa amesimama. Alisoma "salama" yangu ya saa moja, akasoma ujumbe wa saa tano. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alivuta kiti cha pili, akaita lori. Chepilat walikuwa wameshatoa watu wawili kutoka kwenye udongo, wako hai, na hao siwezi kusema nilikosea kuwapelekea lori. Likageuzwa. Sista akaja hewani kutoka Kericho akamwelekeza mwalimu jambo moja baada ya jingine, mama alazwe vipi, asivutwe popote, apewe nini njiani, na mwalimu, mtu wa jiografia ambaye hakuwahi kuona hata mbuzi akizaa, akarudia kila neno. Boti ilimfikia Chepng'eno, yule mke wa mwana wa Mzee Bii, saa tisa alasiri. Saa kumi na moja mwalimu akaita tena. Nilimsikia akikohoa kwanza. "Mama yuko hai. Mtoto hapana."

Nililia pale pale mezani mbele ya watu wa foleni. Kisha nikafanya jambo la aibu zaidi. Nikachukua wembe wa kuchongea penseli nikaanza kulikwangua lile neno kwenye karatasi. Mzee akanishika mkono. "Daftari haifutwi," akasema. "Piga mstari mmoja, neno lisomeke. Weka saa. Weka jina lako." Nikapiga mstari. Nikaandika: kosa, sikuuliza. Nikaandika Kemunto. Kabla giza halijaingia akavikusanya vituo vyote hewani, na akasoma kwamba asubuhi kituo cha Kabianga kimeandika Sigor ni salama bila kuuliza, na kwamba kosa ni la Kabianga. Hakunitaja. Alisema Kabianga, yaani yeye, aliyekuwa akisukuma wilbaro mlimani wakati nikisalimia. Niliichukua ile maiki kutoka kwake, nikasema ni mimi, Kemunto, na ninaomba msamaha. Halafu sauti nzito kutoka Sigor, kwa betri ya kinu cha posho: "Msichana, hata mimi nilisalimia."

Sista aliniambia siku nyingine kwamba huenda yule mtoto alikuwa ameshakufa alfajiri, kabla sijakaa kwenye kiti. Huenda. Nimeishi na hilo huenda miaka yote hii, na kuna siku linanisaidia na kuna siku halinisaidii chochote. Lakini nataka mjue Mzee Kimeto alikuwa mtu wa namna gani. Usiku ule nilifunga nguo zangu kwenye mkoba. Asubuhi, kabla ya chai, alinikuta mlangoni. Akautazama mkoba, akautoa mkononi mwangu, akaurudisha ndani mwenyewe. "Saa moja imefika. Ni zamu yako."

"Mzee, siwezi. Weka mtu mwingine."

"Nani? Kuna mwingine atauliza vizuri kukushinda wewe leo?"

Nikakaa. Siku tisa nilikaa, na sikumsalimia mtu hata mmoja. Mnahitaji nini. Mnahitaji nini. Tulipeleka dawa ya kisukari kwa mzee mmoja, tukapata watoto waliopotezana na mama yao sokoni, tukaokoa watu ambao mpaka leo hawajui kuna kina Kimeto duniani. Mvua zilipokatika, kila mtu akarudi kwake. Nyakundi akafungua duka. Kamati ikaandika ripoti ambayo sikuisoma.

Mwezi wa kumi na mbili, barabara zikiwa zimekauka, Mzee Bii alikuja Kabianga, na nyuma yake mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha manjano kichwani. Umri wetu ulikuwa mmoja. Mama Chepkoech aliwapa mursik, yale maziwa lala ya vibuyuni, na ugali, mazungumzo yakazunguka kwenye ng'ombe na mahindi. Tulipomaliza kula Chepng'eno akaniuliza kama mimi ndiye wa redio. Nikamwambia ni mimi. Akasema anataka kuliona daftari. Nilimtazama Mzee Kimeto, naye akatikisa kichwa kukubali, akabaki jikoni na wengine.

Tuliingia wawili. Nilimfungulia ukurasa ule nikamsomea kila mstari, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, sikuruka. Nikasoma salama na mstari juu yake. Nikasoma kosa langu na jina langu. Nilitaka kumwomba msamaha lakini aliweka mkono wake juu ya karatasi kunizuia, akaniambia niendelee. Nikafika mwisho: Sigor, saa kumi na moja, aliyeokolewa mmoja, mama.

"Hapo si kweli," akasema.

Nikamuuliza ni wapi.

"Mahali umeandika mmoja. Boti ilibeba watu wawili. Nilikuwa nimemshika. Alikuwa msichana."

Nikachukua kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya neno "mmoja", nikaweka tarehe ya siku ile na jina langu, nikamuuliza jina la mtoto. Akasema hakupata nafasi ya kupewa. Kwa hiyo tukaandika kama ilivyokuwa: boti ilibeba watu wawili, mama na binti yake. Chepng'eno hakujua kuandika sana. Alinyoosha mkono nikampa kalamu, akainama, na akaweka jina lake chini ya langu.